Simu Mbili za Masudi

Jamani, nyinyi mnaoniuliza kwa nini siku hizi nikialikwa Mkwiro natafuta sababu ya kuumwa, leo nawaambia, lakini msinicheke mpaka nimalize, na nikimaliza nadhani hamtacheka. Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu ya kutangatanga (niliwahi kuanguka na sinia la supu mbele ya wageni wa hoteli kule Diani, na ile naisimulia mpaka leo kwa furaha), ila aibu ya Mkwiro ni ya namna nyingine. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenifukuza. Nilipoondoka walinifungia mkate wa sinia wa kula njiani, na mkate ule ulinikaa kooni kuliko matusi.

Masudi alikuwa mtoto wa mjomba wangu, ndugu yake mama. Mnajua kwetu binamu ni mtani: anaingia kwako anabeba kuku wako, anamtia chungu, kisha anakuita mle pamoja, nawe huna pa kushtaki. Mimi na yeye tulikuwa watani wa kweli. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuhama, leo nauza mitumba Kombani, kesho niko Tanga, kesho kutwa Lamu, kila ninapofika nakumbuka nilikotoka, na nikirudi nilikotoka nakuta pamebadilika, naudhika, naondoka tena. Yeye hakuhama. Alioa palepale Mkwiro, kisiwani kwao, akawa nahodha wa boti ya kuwapeleka watalii kutazama pomboo, na kila dunia iliponichosha nilikwenda kwake.

Tulikuwa tunakaa ukingoni mwa tangi la maji ya mvua, nyuma ya nyumba yao, tukirushiana nyimbo za zamani, zile taarabu walizokuwa wakizicheza mama zetu harusini. Mkwiro mtandao ni wa kubahatisha. Ukigeuka vibaya simu inakukaribisha Tanzania. Kwa hivyo watu wa pale picha za harusi, mawaidha, nyimbo, vyote huvipitisha simu kwa simu, bila mnara, bila bando. Unafungua ile programu ya kurushiana, duara linazunguka kwenye kioo, na majina ya simu zilizo karibu yanachomoza mojamoja kama pomboo wanaokuja juu kuvuta pumzi. Unaligusa jina, mwenzio anakubali, kitu kinakwenda. Sharti lake ni moja tu, muwe karibu. Ukishavuka nyumba ya pili au ya tatu, jina linapotea. Hili la ukaribu likumbukeni.

Basi siku moja nimejilalia mchana mkekani, Masudi akachukua simu yangu akabadilisha jina lake. Simu yake yeye ilikuwa ikiitwa Simu ya Masudi. Na yangu akaiita vivyo hivyo, Simu ya Masudi. Nilipoamka nikamwuliza ndiyo nini, akasema, "Cha mtani ni changu. Ukienda nayo huko Lamu, watu waone ni ya nani." Tukacheka mpaka mkewe, Saumu, akatoka jikoni kuuliza kuna nini, nasi hatukumwambia, tukasema mambo ya watani. Sikulibadilisha jina lile. Kwanza sikujua linabadilishwa vipi, pili lilinipendeza, na tatu (hapa ndipo penye ujinga wangu wote) jina la simu yako wewe mwenyewe hulioni, wanaoliona ni wenzako. Likakaa humo nikalisahau, kama mtu anavyosahau kovu la mgongoni.

Msimu wa kusi uliopita, bahari imechafuka, boti ya nahodha mwingine ilizimika mashine huko nje, Masudi akatoka kwenda kuivuta. Aliyefuatwa alirudi. Boti ya Masudi ilionekana imepinduka, na yeye hakuonekana, wala simu yake, ambayo alikuwa akiivaa shingoni ndani ya kifuko kisichopitisha maji. Walitafuta mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa Lamu. Habari zilinifikia, nikasema nitakwenda wiki hii, kisha nikasema wiki ijayo, na nyinyi mnanijua wiki zangu zilivyo.

Saumu alikataa msiba. Watu walipomwambia Masudi amekufa, aliwasahihisha polepole kama mwalimu: hajafa, hajarudi. Alikataa kukaa eda, akisema eda ni ya mjane na yeye mume wake yuko safarini. Akiulizwa ushahidi anasema kile kifuko hakiingii maji, kana kwamba mumewe naye alikuwa amefungwa mlemle. Akapungua mwili. Watu wazima wakaenda kwa kadhi, wakarudi kwa Saumu, wakamsemesha kwa upole miezi kadhaa, mpaka mwishowe akakubali: isomwe hitima, na jioni ya siku hiyo avae nguo nyeupe aingie eda. Ndiyo hitima niliyokwenda. Nilikuwa nimechelewa kwa mengine yote, nikasema hiyo angalau nisiikose.

Kisomo kilikuwa baada ya alasiri. Wanaume tulikaa kwenye majamvi mbele ya nyumba, wanawake ukumbini, na pazia la mlangoni katikati yetu. Nilimwamkia mkaza mjomba, Bi Mwanakombo, mamake Masudi, nikiwa nje ya pazia. Akaitikia marahaba mwanangu, akauliza kama nimekula, hakusema kitu kingine, nami nikashukuru kwamba hatuonani usoni. Nikaenda kukaa jamvi la mwisho, kando ya njia, mahali anapokaa mtu anayejua amechelewa.

Walipomaliza dua, Maalim Hamadi, aliyeongoza kisomo, akatwambia kuna jambo moja la heri. Saumu alikuwa na sauti ya Masudi kwenye simu yake, akisoma maulidi mwaka uliotangulia (na Masudi jamani alikuwa na sauti). Tangu Masudi apotee watu walikuwa wakiiomba na yeye akiwanyima, akisema sauti ya mtu aliye hai haigawiwi kama sadaka. Leo amekubali kuigawa. Anayeitaka awashe simu yake, atarushiwa kutoka ndani.

Kila mtu alielewa maana yake. Mwanamke yule alikuwa anafungua mkono. Mzee mmoja kando yangu alifuta macho kwa ncha ya kikoi, kisha akaanza kuipapasa simu yake akiuliza inawashwa wapi.

Aliyekuwa akiyasoma majina ni Mishi, dada yake Masudi, amekaa ubavuni mwa wifi yake nyuma ya pazia. Anasoma jina kwa sauti, mwenyewe anaitikia, Saumu analigusa, sauti inakwenda. Sasa majina ya simu za watu mnayajua. Mishi akauliza Simba Mzee ni nani, mzee wa kikoi akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Kisha Mishi akasema, "Hapa kuna Mrembo wa Likoni. Mrembo wa Likoni ni nani huko nje?"

Maalim Hamadi akakohoa, akasema simu ile aliinunua kwa mtu na hakujua kama ina jina.

"Mrembo, pokea," Mishi akasema, na watu wakacheka kile kicheko cha msibani cha kuinamisha kichwa, na ndani wanawake wakacheka, na katikati ya vicheko vya wanawake nikakisikia cha Saumu. Nilikijua tangu siku za tangi. Mishi aliniambia baadaye kwamba nyumba ile haikuwa imekisikia tangu kusi.

Hapo ndipo nilipoamua. Ningeweza kungoja watu watawanyike nimwombe Maalim anirushie ile yake, sauti ni ileile, haipungui kwa kupita mikono miwili. Lakini mimi na kumbukumbu zangu, nikaona hapana, naitaka kutoka kwenye simu ya nyumba ile, kwa mkono wa Saumu, kama zamani. Nikawasha.

Mishi alikuwa katikati ya jina la mtu. Akanyamaza. Nikadhani moto wa simu umekwisha. Kisha nikasikia ndani kitu cha bati kinaanguka, na sauti ya Bi Mwanakombo ikiuliza, "Nini? Mnatazama nini?"

Pazia likafunguka. Saumu alitoka katikati ya wanaume, kanga imemteleza mpaka mabegani, kichwa wazi, simu mkononi, akatutazama usoni mmojammoja. Maalim aliinamisha macho, na wengine wakafuata. Mimi sikuinamisha kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa, nilikuwa na simu yangu mkononi nangoja nirushiwe, mjinga wa Mungu.

"Amefika," Saumu akasema, si kwa kelele. "Yuko hapahapa karibu. Na chai sijabandika."

(Maana ya chai alinieleza Mishi. Masudi akipanda kutoka bandarini jioni alikuwa na kawaida ya kuiwasha programu ile huku anatembea, na Saumu huwasha yake akaiweka dirishani. Jina likichomoza anajua mumewe ameshafika nyumba ya pili, anabandika chai. Ilikuwa ndiyo hodi yake.)

Hapo nikaelewa. Na sasa mtu mwenye akili angesimama palepale aseme, ni simu yangu, nisameheni, na ingekuwa aibu ya dakika chache. Mimi nilifanya nini? Niliizima. Niliogopa, nikataka jina liondoke kwenye kioo chake haraka, nikadhani likiondoka atadhani ameota. Kumbukeni lile la ukaribu. Jina likiondoka maana yake mtu amekwenda mbali.

Saumu alitazama kioo, akasema, "Anaondoka," akakimbia.

Alipita jamvini kwangu, kanga yake ikanigusa goti. Akashika njia ya mikokoni, na nyuma yake Mishi, na nyuma ya Mishi wanawake wote, na wanaume wakavaa viatu visivyo vyao, na mambo yakaanza kuzidi yenyewe. Mmoja akasema labda Masudi alitupwa Pemba na amerejea kwa siri. Mwingine akasema labda kuna mtu ameiokota simu na anajificha. Vijana wakaenda kusukuma boti. Lakini kilichonimaliza ni Bi Mwanakombo. Mama yule alikuwa ameshakubali kabla ya wote, ndiye aliyembembeleza mkwewe miezi yote ile, na sasa nilimwona anatoka mlangoni bila viatu, anaushika ukuta, anauliza kila anayepita, "Ni kweli? Mwanangu ni kweli?" Akaniuliza na mimi. Nami nikamwambia, sijui, mkaza mjomba. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka.

Nilipofika mikokoni maji yalikuwa yanajaa. Saumu alishaingia mpaka kiunoni, ameiinua simu juu ya kichwa, anageuka polepole, huku na huku, anatafuta mahali jina litakapochomoza tena. Bi Mwanakombo alikaa topeni akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Mashine ya boti ilikuwa inaunguruma. Watu wakamsihi Saumu arudi, akawaashiria wanyamaze, kana kwamba kelele zitalifukuza.

Nikaingia majini na suruali yangu ya hitima.

"Shemeji," nikamwambia, "si yeye. Ni mimi."

Hakunisikia, au hakutaka. Nikawasha simu. Jina likachomoza kwake, nikauona uso wake, na ningependa kuusahau uso ule kabla sijafa, maana uling'aa, akatazama nyuma yangu, juu ya bega langu, kwenye mikoko. Ikabidi niisogeze simu yangu kando ya yake. Nikaizima, jina likaondoka. Nikaiwasha, likarudi. Nikaizima tena. Nilifanya hivyo kama mtu anayemwonyesha mtoto mchezo, mpaka akaacha kutazama mikoko akatazama mkono wangu.

Watu wote walikuwa wameona. Maalim Hamadi alisogea mpaka ukingoni, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Nasoro ni mtani wa marehemu. Na mtani tangu zamani hufanya mzaha msibani, tumewaona watani wakivaa nguo za maiti wakatembea kama yeye, na hakuna anayewalaumu. Nasoro, sema. Ulifanya utani?"

Alikuwa ananitupia kamba, mzee wa watu. Macho yake yaliniomba niseme ndiyo, kwa sababu utani una njia yake, utatozwa faini, watu watakutia maji na majivu, na jambo litakwisha. Kisichokuwa utani hakina njia. Nikaishika kamba.

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa utani."

Saumu akanitazama, na safari hii aliniona mimi.

"Utani ulikuwa wako na Masudi," akasema. "Mimi si mtani wako, shemeji."

Sikuwa na pa kushika tena. Nikaeleza kweli, nimesimama majini mbele ya ukoo wa mama yangu: kwamba si utani, afadhali ungekuwa utani, kwamba Masudi ndiye aliyeliandika jina lile mimi nimelala, na nilisahau kama lipo, na nilipoona nimekosea niliogopa nikazima. Nilisema nataka tu sauti yake. Maneno yale nilipoyasikia yakinitoka niliyaona madogo, kama ya mtu aliyechoma nyumba akitafuta kiberiti. Mmoja wa vijana akazima mashine ya boti.

Saumu akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa. Alijua jina linakaa wapi, alibonyeza mara chache akalipata, na akaanza kulifuta. Hakulifuta lote kwa mara moja. Alifuta herufi mojamoja, kutoka mwisho, nikaona Masudi anapungua, Masud, Masu, na hapo katikati kidole chake kilisimama hewani muda nisioweza kuupima, maji yanatupita, Mishi analia nyuma yetu bila sauti. Kisha akaendelea mpaka pakawa patupu.

"Jina lako kamili nani?" akaniuliza, kama tumekutana siku ile.

Nikamtajia. Akaliandika, akanirudishia simu, akatoka majini akijitengeneza kanga kichwani. Alimwinamia Bi Mwanakombo pale topeni, akamshika kwapani kumwinua, akamwambia, "Mama, twende. Nikavae zile nguo."

Wakaenda. Wanawake wakawafuata. Sauti ya maulidi haikurushwa tena jioni ile, na hakuna aliyethubutu kuiuliza. Nililala barazani kwa Maalim, na asubuhi Mishi akaniletea ule mkate, akasema umetoka kwa mkaza mjomba, akasema mama hana kinyongo, ni kudra. Nikamwuliza Saumu je. Akasema Saumu yuko ndani, amekaa eda, hasemi na wanaume, ndiyo sheria. Nilimwambia najua sheria. Nikapanda boti ya Shimoni.

Wapo wanaoniambia nilifanya wema bila kujua, kwamba kama mwanamke yule asingelifuta jina la mumewe kwa mkono wake, asingekubali kwa moyo. Wananiambia hivyo Kona ya Musa wakinywa kahawa. Hawakuuona uso wake nilipoiwasha simu mbele yake. Mimi niliuona, na siwezi kujipa thawabu kwa hilo.

Basi nimeapa. Nikiingia penye msiba navua viatu, nazima simu, nazima kabisa, sio kuifanya inyamaze. Mtu akiniambia washa nikurushie, namwambia yangu imeharibika. Na nyinyi nawausia, kabla hamjaziwasha zenu mbele za watu, mwulizeni mwenzenu aliye karibu: simu yangu inaitwaje? Wenyewe hamtaliona.

Nyimbo zote alizonirushia Masudi pale tangini ninazo mpaka leo. Sauti yake mwenyewe sina, na uso wa kwenda kuiomba sina pia.